Nipunguzieni Ugali, Niongezeeni Mboga

Maneno haya niliyasema jioni ya Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, kwenye mkutano wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Mbagala. Nimeyaandika kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuwahi kufika.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Mwenyekiti aliponiita wiki iliyopita aliniambia, "Mama, wewe una kisukari na kutwa nzima unashinda kwenye sufuria. Njoo utueleze unakula nini." Nikamjibu kwamba mimi si daktari. Akasema daktari tutamwalika siku yake, leo tunataka mtu anayenunua nyanya kwenye genge lile lile tunalonunua sisi. Basi nimekuja kwa hilo.

Wengi mnanijua. Nauza chakula karibu na kituo cha daladala, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nyumbani tuko saba: mimi, baba watoto ambaye ni fundi ujenzi, mama mkwe wangu yule pale amekaa karibu na mlango, na watoto wanne. Siku ikienda vizuri naondoka na faida ya shilingi 12,000. Ya kula nyumbani ni 8,000, wakati mwingine 6,000. Nataja hela mapema kwa sababu ushauri mwingi tunaopewa unaanzia kwenye chakula, hela hazitajwi kabisa.

Nilipimwa mwaka 2021, nikiwa na miaka 44. Usiku nilikuwa naamka mara nne, mara tano kwenda haja ndogo. Kiu haikatiki. Kibao cha daladala nilichokuwa nakisoma toka mbali kikaanza kuwa na ukungu. Asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni sukari ilisoma 13.4, kwa mashine zetu zinazohesabu milimoli kwa lita. Ikifika 7 asubuhi hujala, na ukirudia kipimo bado iko hapo, hicho ni kisukari. Mimi nilikuwa karibu mara mbili yake.

Nikapewa dawa, nikapewa na karatasi ya chakula. Niliisoma nikiwa njiani kurudi. Nile shayiri. Nile mkate wa ngano isiyokobolewa, tufaha, samaki wa kuoka, mafuta ya zeituni. Nikaikunja nikaitia kwenye pochi, machozi yakanitoka mbele za abiria. Ugonjwa niliukubali palepale. Kilichoniliza ni kwamba aliyeiandika ile karatasi hakuwahi kufikiri kwamba anaweza kuugua mtu wa kipato changu.

Kilichonisaidia ni muuguzi mmoja aliyenikalisha kwenye benchi akaniambia neno moja: wanga. Mimi nilidhani sukari ni ile ya kwenye kopo, nikiacha soda na chai tamu nimemaliza kazi. Akanichukulia mfano wa ugali. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga gramu 75 hivi. Sahani ya ugali ya mtu mzima inaweza kula unga gramu 150, kwa hiyo wanga unapita gramu 110. Mwili unaugeuza wanga huo kuwa sukari ndani ya damu. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu nne. Pigeni hesabu wenyewe: sahani moja ya ugali, bila soda, bila chai, inaingiza damuni sukari ya vijiko zaidi ya 25.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mtaani kwetu kuna maneno yanayoua watu taratibu. Unaambiwa ukila dona kisukari hakikugusi. Ukila ugali wa mtama, wa muhogo, uji wa ulezi, hakikugusi. Asali eti ni dawa. Dona ni bora kuliko sembe, lina makapi yake na tumbo linalikubali, sikatai. Lakini wanga wake haupishani sana na wa sembe. Unga wa muhogo ndio una wanga mwingi zaidi. Nilikula ugali wa mtama mwezi mzima nikijipongeza, sahani imejaa vile vile kama zamani, na sukari haikushuka. Unaweza kubadilisha rangi ya ugali miaka kumi. Kinachosikika mwilini ni ukubwa wa bonge.

Na wenzangu tunaofunga, mkeka wetu wa futari mnaujua: mihogo ya nazi, viazi vitamu, magimbi, tambi, uji. Vyote hivyo ni wanga, vinakuja kwa pamoja, kwa mtu aliyeshinda njaa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Mnaponivuta pembeni hamniulizi habari za dagaa. Mnaniuliza, "Nyumbani ulifanyaje?"

Nyumbani nilianza vibaya. Niliporudi na elimu yangu ya kwenye benchi niliwahubiria. Siku nne mfululizo niliipikia nyumba nzima kabichi na mayai, hakuna ugali, hakuna wali. Baba watoto anabeba zege kuanzia asubuhi. Siku ya pili alikula chipsi njiani, siku ya tatu vile vile, na hela ya chipsi ilitoka kwenye hela ya mboga. Watoto walilala na hasira. Mdogo wao akasema mama anakula majani kama mbuzi, na hakuna aliyemkanya. Mama mkwe aliweka mkono shavuni, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mboga ni ya kusindikizia. Sasa utasindikiza nini?"

Ugali ukarudi mezani, nami nikasema sawa, nyie kuleni, mimi mniache. Hawakuniacha. Mama mkwe wangu kwao ni Rufiji, ana kawa ya ukili aliyoisuka kwa mkono wake. Kila usiku nikirudi kutoka kibandani nilikuta sahani yangu imefunikwa na ile kawa. Nikifunua: bonge la ugali, limelainishwa kwa mwiko hadi linang'aa, na mboga kidogo pembeni. Kesho yake, vile vile. Nikiuacha, asubuhi amenuna, hanijibu salamu. Nikiula ili kumridhisha, usiku ni kuamka mara tano.

Ndani ya miezi mitatu nilipungua kilo nane. Mnajua mtu akipungua ghafla mtaani kwetu kinachosemwa. Jirani alimwuliza mume wangu mbele za watu kama shemeji ameshaanza dawa. Alirudi hakusema na mtu. Usiku wa manane ndipo akaniambia, "Unanidhalilisha. Watu wanaona nimeshindwa kukulisha, au nimekuletea maradhi." Nilikuwa na jibu kali mdomoni, namshukuru Mungu sikulitoa. Yule baba alikuwa na hofu na aibu kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa nimeona ubishi tu.

Kuhusu mama, nilielewa siku moja tumekaa barazani tunachambua dagaa. Nikamwuliza tu, mama, kwa nini sahani yangu inakuuma hivi? Akanyamaza akakata vichwa vya dagaa kama kumi. Kisha akanisimulia ukame wa 1974. Alikuwa mama kijana, ana mtoto mgongoni. Wakubwa mnakumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje, watu wanapanga foleni alfajiri na mfuko mkononi. Kabla unga haujawafikia walichuma mchunga na mlenda pori, wakachemsha, wakala hivyo hivyo. Akaniambia, "Nyumba ukiona watu wanakula majani matupu, ujue njaa imeingia humo."

Nilibaki nimeshika dagaa mkononi. Miezi yote ile nilidhani mama mkwe ananipinga. Kumbe kila usiku alipokuwa ananiwekea lile bonge chini ya kawa alikuwa ananikinga na njaa ya 1974.

Kuanzia siku ile sikumhubiria tena. Niliazima mashine ya kupimia sukari kwa mwenzangu, nikanunua vijiti vinne. Jioni ya kwanza nilijipima kabla ya kula mbele yake na mbele ya baba watoto: 6.8. Nikala sahani aliyonipakulia yeye, yote. Baada ya saa mbili nikajitoboa kidole tena, mjukuu wake akamsomea: 14.9. Jioni ya pili nikamwomba anipakulie yeye yuleyule, mboga ileile, dagaa walewale, ila ugali matonge mawili tu. Nilianzia 7.0, baada ya saa mbili ikasoma 8.6. Hakusema kitu. Alichukua kile kijiti chenye tone la damu akakitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Hii inayopanda ndiyo inayokula macho?" Nikamwambia ndiyo mama. Macho, figo, na miguu.

Mapatano tuliyofikia ni haya. Sufuria inabaki moja, chakula kinabaki kile kile. Ugali unasongwa wa watu wote. Anayepakua ni mama, sikumnyang'anya mwiko. Sahani yangu mboga za majani zinachukua nusu, dagaa au samaki au mayai robo, na ile robo iliyobaki hata haijai: matonge mawili, wali nao vijiko vinne. Wengine wanakula watakavyo. Usiku ule nilipofunua kawa nilikuta mlima wa matembele na ugali wa ukubwa wa limau, na bado mpaka leo anasema nitakufa na njaa. Anayasema huku ananipakulia hivyo hivyo.

Baba watoto nilimpeleka kliniki akasikia kwa masikio yake. Sasa jirani akiuliza, anajibu yeye.

Tuje kwenye hela, na hapa sitawadanganya. Yai ni ghali kuliko andazi. Mimi naliuza andazi shilingi 200, yai genge la jirani ni 400. Zamani asubuhi nilikunywa chai tamu na maandazi mawili. Sasa nakula mayai mawili na mboga iliyolala. Ukitazama asubuhi peke yake nimepata hasara. Lazima utazame siku nzima. Soda ya saa saba imeondoka. Ile ya chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, na bei yake inanunua yai na nyanya. Vitafunwa vya saa kumi vimeondoka vyenyewe, kwa sababu mlo wa mayai na mboga yenye mafuta unakaa tumboni. Andazi lilikuwa linaniachia njaa baada ya saa mbili.

Na kuna sukari ya nyumbani. Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilivyoadimika, kilo ikapita shilingi 4,000. Sisi tulikuwa tunamaliza kilo kwa siku tatu. Mama mwenyewe ndiye aliyesema tupunguze, tukaanza kuchemsha chai kwa tangawizi na mdalasini, sukari kijiko kimoja kwa mtu, mimi bila. Sukari iliposhuka bei ulimi wa watu ulikuwa umeshazoea. Kilo sasa inakwenda siku sita. Kwa bei ya 3,000, hiyo ni shilingi 500 kila siku. Mayai yangu yanatoka hapo.

Sokoni mimi naenda saa kumi na mbili jioni. Mwenye genge hataki mchicha ulale, kwa hiyo mafungu mawili anakupa kwa bei ya moja, chainizi vile vile. Ununue majani yanayolingana na idadi ya watu, halafu uongeze fungu lako. Kosa tunalofanya ni kununua fungu la kusindikizia, halafu mgonjwa anaambiwa ale mboga kwa wingi. Mboga ipi? Imeshaisha. Nyanya chungu, bamia, bilinganya, kabichi, majani ya kunde, mnavu, vyote hivyo vina wanga mdogo. Kisamvu ni kizuri sana, ila kitwangwe na kichemshwe mpaka kiive barabara, kina sumu kikiwa kibichi. Ukikitia karanga za kutwanga au tui la nazi, ndipo unashiba kweli, maana mafuta hayo hayaleti sukari. Mboga za kuchemsha tupu ndizo zilizonifanya nikate tamaa mwanzoni.

Dagaa ndio nguzo ya nyumba yangu. Siwezi wale wa Kigoma, bei yao imepanda. Nachukua wa Mwanza, au dagaa mchele wa huku pwani wakipatikana. Dagaa mkavu, nusu ya uzito wake hivi ni protini, wanga kama hakuna. Mchanga ndio unaowafanya watu wawachukie. Toa vichwa, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, waoshe maji matatu, manne, mpaka chini ya bakuli pasibaki kitu ukipapasa kwa kidole. Wakaushe kwenye kikaango kikavu kwanza, usitie mafuta, mpaka wanuke kama wamechomwa. Ndipo mafuta, kitunguu, nyanya, na limau mwishoni kabisa. Wakipikwa hivi hata yule mdogo anaomba aongezewe.

Siku zingine ni firigisi, utumbo, kichwa cha samaki, vibua. Mayai yaliyopata ufa huuzwa rahisi. Mimi nayachukua yale tu ambayo ngozi ya ndani haijapasuka, na nayachemsha siku hiyo hiyo. Parachichi msimu wake ukifika nakula nusu kila siku. Maharage nayapima, yana wanga wake ingawa yana makapi mengi: upawa mmoja mdogo, na siku hiyo ugali nauacha.

Shughuli za watu? Nakwenda. Nachukua nyama na kachumbari nyingi, pilau vijiko vitatu, na nakaa mbali na yule shangazi anayeongeza sahani bila kuuliza.

Kuna jambo moja nataka wagonjwa wenzangu mliopo hapa mlibebe leo, hata mkisahau mengine yote. Zile siku nne za mwanzo nilipoacha wanga wote kwa mpigo, nilikuwa nameza glibenklamaidi, na dozi sikuwa nimeigusa. Dawa ile inashusha sukari umekula au hujala. Siku ya nne, saa tano asubuhi, nikiwa kibandani, mikono ikaanza kutetemeka, jasho baridi likanitoka mgongoni, nikawa namsikia mteja kama yuko mbali. Mwenzangu alinipima: 3.1. Chini ya 4 ni hatari. Nikapewa soda, ile ile niliyowaambia niliiacha, na siku ile ndiyo iliyoniokoa. Maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari yangefaa pia, mradi mtu anaweza kumeza. Kwa hiyo wewe unayechoma insulini, wewe unayemeza vidonge vya aina ile, usipunguze ugali kabla hujazungumza na kliniki wakakupangia dozi. Mjamzito, mwenye figo, mtoto mwenye kisukari, vivyo hivyo. Na asikudanganye mtu uache dawa. Mimi sasa natumia metformini, naimeza kila siku. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 10.2, cha mwisho kimesoma 7.1. Sijapona. Naona kibao cha daladala, na usiku nalala.

Mama mmoja aliniuliza jana: je, kama mume hataki kabisa hata kusikia? Nilimwambia aanze na fungu moja la mchicha zaidi, la shilingi 300, asitangaze kitu. Ajipakulie mboga kwanza, aile, ndipo amege ugali. Hakuna atakayegombana na fungu la mchicha. Akipata hela ya vijiti viwili, ajipime mbele yao, asiseme neno.

Nimemaliza, ila sikuja mikono mitupu. Pale nyuma tumeleta dagaa, kisamvu cha nazi na matembele, vyote vimetoka kwenye shilingi 8,000 ya jana. Mama amesonga na ugali, amesema hawezi kukaribisha watu bila ugali, nami nimemwambia ni sawa. Sahani atapakua yeye. Wenye kisukari mwambieni tu, ameshajua kipimo.

Mama, funua kawa.